Nyumba ya Desemba

Waendesha boda boda wakifika mbele ya boma letu hapa Nyamache hupunguza mwendo ili abiria apate kuliangalia paa. Ni paa jekundu la kona nyingi, migongo inapanda na kushuka, na juu kabisa kuna vidirisha viwili visivyofunguka kwa sababu nyuma yake hakuna chumba. Abiria hutikisa kichwa akasema, "Huyu amejenga." Pikipiki inaondoka. Mimi niliye ndani nasogeza karai.

Kwanza tuelewane. Simlalamikii Baba Watoto. Yeye yuko Nairobi anatafuta riziki, na isitoshe husoma safu hii. Nalalamikia nyumba. Akisoma akajiona humu, hayo ni kati yake na paa lake.

Ramani aliitoa kwenye simu. Alinitumia picha usiku: nyumba ya kona nyingi, magari mawili mbele, nyasi zilizokatwa zikakatika, na minazi miwili pembeni. Minazi, jamani! Huku kwetu mti unaoota bila kubembelezwa ni mkaratusi, baada yake mgomba na mparachichi. Penye minazi ni mahali pa joto, ambapo mwenye nyumba huomba upepo uingie. Sisi tuko katika milima ya Gusii, ambako kilima cha Nyamasibi kinafika mita 2,170 juu ya usawa wa bahari, na mwenye nyumba huomba upepo ubaki nje. Lakini ramani haikuuliza inakwenda kujengwa wapi, na fundi hakuuliza imetoka wapi.

Mvua ya hapa haihitaji kutangazwa redioni. Kaunti ya Kisii hupata yapata milimita 1,500 kwa mwaka, na iko miaka inayopita hapo. Mvua ndefu huanza Februari au Machi ikatupeleka hadi Juni, zile fupi hushika Septemba mpaka Desemba inapoanza, na hata Januari na Julai, miezi tunayoiita ya kiangazi kwa heshima tu, haipiti mikavu kabisa. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo hesabu hiyo niliipeleka darasani. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mwalimu ni kama mita za mraba 150. Haya, Gredi ya Sita, paa hilo linapokea lita ngapi kwa mwaka? Wakaandika, wakafuta, wakaandika tena: lita 225,000. Nikawapigia makofi. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye hupitia kwetu akienda kuchota maji, akainua mkono.

"Madam, yote huingia ndani?"

Si yote. Sehemu kubwa hufuata gata, na gata imeinamia upande usio na tangi.

Yanayoingia ndani huingia kupitia vali. Nitaieleza vali kwa faida ya wale ambao hawajajenga, kwa sababu fundi wao hatawaeleza. Pande mbili za paa zikikutana kwa kuinamiana hufanya bonde, na kwenye bonde hilo hulazwa bati lililokunjwa ili lipokee maji ya pande zote mbili. Hiyo ndiyo vali. Paa la zamani la mgongo mmoja, lile walilojengea shule zetu, halina vali hata moja: maji hushuka huku na huku yakaenda zake. Lakini kila kona unayoongeza ili jirani aione inakuja na vali yake. Vali yataka iwe pana, iwe na ubao chini yake, na mabati ya pembeni yaingie juu yake ya kutosha. Ya kwetu ni nyembamba hivi kwamba jani moja la mparachichi likitua mle, maji husimama, hurudi nyuma chini ya mabati, kisha huteremka ukutani kwa adabu hadi kwenye swichi ya taa ya sebuleni. Taa hiyo, kuanzia Machi, haiguswi na mtu.

Fundi wetu ni mtu mpole. Hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu huwezi kugombana na mtu anayekuitikia. Alikuja kazini na mwiko mmoja mfukoni. Nyundo aliazima kwa jirani, karai na ndoo kwetu, ngazi kwetu vilevile. Pima maji alikuja nalo, hilo sitamnyima, ila maji yake yalikuwa yamekauka, likabaki pima tu.

Ana jibu kwa kila kitu. Nikimwonyesha ufa: "Madam, hiyo ni plasta inapumua." Ufa ukifika dirishani: "Imemaliza kupumua sasa, haitaendelea." Ikaendelea. Nikimwonyesha maji mezani: "Hiyo si kuvuja, ni upepo uliingiza." Nikamwuliza, upepo huo uliingizia wapi kama hakuna tundu? Akaniangalia kwa huruma, jinsi daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyesoma.

Kuhusu plasta, mzee mmoja mstaafu wa kazi ya ujenzi alinionyesha kitu ambacho ningependa kila mwenye mjengo akijue. Chukua chupa ya soda iliyo tupu, tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa, iache itulie. Mchanga safi huzama haraka na maji yakabaki angavu. Wenye udongo huweka juu yake tabaka la tope, na kadiri tabaka linavyonenepa ndivyo plasta yako itakavyopasuka. Tulijaribu na ule uliobaki nyuma ya nyumba. Tabaka la tope lilikuwa zuri, ungeweza kupanda sukumawiki. Tena saruji haigandi kwa kukauka, watu wengi hawajui. Inagandishwa na maji yenyewe, ndiyo maana slabu na plasta huhitaji kumwagiliwa kama siku 7 au zaidi. Yetu ilimwagiliwa siku ambazo fundi alikuwa akinawa mikono.

Na mlango. Mbao zake zilipasuliwa kutoka mkaratusi ambao wiki chache kabla ulikuwa na ndege juu yake. Ubao mbichi ukikauka hunywea na kujipinda, ukipata unyevu huvimba. Aprili, ukiufunga mlango wa chumba cha watoto, lazima mtu wa nje asukume na wa ndani avute ndipo ufunguke. Januari unaufunga na paka anapita.

Paa letu, kwa kuongezea, lina dini. Huvuja Ijumaa jioni. Fundi ni Msabato, na Wasabato huku kwetu ni wengi, basi Ijumaa jua likizama simu yake inazimwa hadi Jumamosi jua lizame tena. Siwezi kumlaumu mtu kwa kumcha Mungu. Jumapili naye anapatikana, lakini mimi ni Mkatoliki na niko kanisani, na baada ya misa kuna jumuiya. Karai hukaa mezani mpaka Jumatatu. Tumelizoea, tunapakua chakula tukilizunguka.

Sasa mabati yenyewe. Mabati huuzwa kwa geji, na geji inahesabiwa kinyumenyume: 28 ni nene, 30 ni nyembamba, 32 ni nyembamba zaidi. Mtu asiyejua akisikia 32 hudhani amepewa kubwa. Yetu yaliandikwa geji 30 kwenye risiti. Sina chombo cha kupima, nina masikio tu, na masikio yangu yana mashaka na risiti hiyo. Kericho na Nandi, upande wa mashariki na kaskazini yetu, wanajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mawe hayo wakati mwingine husahau mpaka wa kaunti. Yakianza, redio naitazama tu. Egesa FM wanaendelea kutangaza, taa nyekundu naiona, neno silisikii. Watoto huongea kwa mikono. Mtaniambia nyumba za mabati zimekuwa hivyo tangu zamani, na kwamba hata shuleni mvua ikipiga mwalimu huacha kusema akaandika ubaoni. Kweli kabisa. Lakini madarasa yale yalijengwa kwa harambee, kila mtu akatoa alichonacho, na hakuna aliyesema ni jumba. Hili limejengwa kwa mkopo wa sacco, nami nausoma kila mwezi kwenye mshahara wangu kabla sijausoma mshahara wenyewe.

Kinachokosekana ni dari. Dari ilikuwamo kwenye bajeti, niliiona kwa macho yangu, mstari mmoja juu ya rangi. Halafu vile vidirisha viwili vya juu vikaongezwa. Zikaja nguzo za baraza, za duara, zenye maua ya saruji kichwani. Dari ikasogezwa hadi awamu ya pili. Kila nyumba mpya ninayoingia humu jimboni kwetu Bobasi ina awamu ya pili, na sijapata kumwona mtu aliyeifikia. Ukilala chali unahesabu misumari. Chumba hakina siri: mtoto akikohoa cha mwisho, anaitikiwa kutoka cha kwanza, kwa sababu kuta zimeishia usawa wa dari isiyokuwepo na juu yake ni uwanja mmoja wa wazi.

Haya yote ningeyavumilia. Ila kuna usiku wa Julai ambao mbingu zilikuwa kavu, nyota zote nje, na nyumba ikanyesha.

Tone la kwanza lilinipata kwenye paji la uso. La pili kwenye mto. Nikawasha tochi: mabati yote upande wa ndani yalikuwa yametota, matone yamejipanga kwenye mbao yakingoja zamu. Nikatoka nje. Ardhi kavu, majani ya migomba makavu. Nikarudi ndani, mvua. Asubuhi fundi alipokuja nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za upepo. Akainua uso, akatazama muda mrefu, akasema:

"Madam, hilo ni jasho."

Na siku hiyo alisema kweli. Hewa yenye joto hubeba mvuke, na ikigusa kitu cha baridi huuachilia ukawa maji. Mtu mmoja akilala usiku kucha hutoa kwa pumzi na kwa ngozi maji ya kujaza kikombe cha chai, na kikombe cha Kisii si kidogo. Sisi ni watano. Weka na sufuria ya chai ya jioni, weka na nguo zilizoanikwa ndani kwa kuwa nje hazikauki. Mvuke wote huo hupanda juu, hulikuta bati ambalo usiku wote limepoteza joto lake kwa anga tupu, hugeuka maji na kurudi kwa wenyewe. Kungekuwa na dari, na juu ya dari nafasi ya hewa kupita, mvuke usingelifikia bati kwa urahisi namna hiyo. Hakuna dari. Tunanyeshewa na pumzi zetu wenyewe.

Niliposema haya kwenye simu, Baba Watoto alikuwa ndani ya matatu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyebanwa kati ya watu wawili, "Mama Watoto, hicho ni kitu kidogo. Pumueni kidogo kidogo."

Hatua chache nyuma ya jumba hili kuna jiko la mama mkwe. Kuta ni fito na udongo, paa ni nyasi, unene wake unazidi shubiri. Nimefundisha sayansi miaka mingi lakini somo la joto nimelielewa mle. Nyasi ni hewa iliyonaswa kati ya majani makavu, na hewa iliyotulia haipitishi joto ovyo. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko nyasi, na bati lenyewe halifiki nusu milimita. Ukuta wa udongo hunywa joto la moto jioni, ukalirudisha polepole mpaka alfajiri. Moshi hupanda kwenye nyasi ukafukuza wadudu. Hakuna ramani. Nyumba za namna ile zilijengwa kwa risaga, watu wakaja kusaidiana na malipo yao yakawa chakula na pombe, na ukijenga vibaya ulijulikana ukoo mzima, maana hao hao uliowajengea walikuwa ndio watakaokujengea wewe. Hapo ndipo penye dhamana ya kweli. Fundi wa leo ukimlaumu huhamia soko jingine.

Nyumba mpya ina vyumba vitano. Kuanzia saa kumi na mbili jioni familia nzima iko jikoni kwa mama mkwe, katika chumba kimoja, pamoja na kuku. Watoto hufanyia kazi ya shule humo. Mimi husahihisha madaftari humo, na yananuka moshi hivi kwamba mwalimu mkuu aliniuliza kwa upole kama kuna jambo linalonisumbua nyumbani. Mama mkwe hajawahi kutucheka. Husogeza kigoda akasema, "Mwanangu, karibia moto." Kimya kidogo. Kisha hutazama nje mlangoni, kule juu kwetu, akaongeza: "Lakini linapendeza."

Nina shemeji huko Minnesota, Marekani, ambako Wakisii wamejaa hadi habari za Nyamache hufika kule kabla hazijafika Ogembo. Alinipigia simu ya video Januari. Kwao ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, naye kavaa fulana ya mikono mifupi, anakula aiskrimu. Kwangu zilikuwa nyuzi 12 juu ya sifuri, usiku, nami nilikuwa na koti, shuka la Kimaasai na kofia ya sufu.

"Shemeji, mbona umevaa hivyo? Unasafiri?"

"Niko kitandani, shemeji."

Akacheka mpaka simu ikaanguka. Alipoiokota, akanielezea jinsi nyumba yake ilivyo, na nilisikiliza kwa wivu ambao kanisani ungehitaji kitubio. Kuta za nyumba yake ni za mbao, na kati ya mbao na mbao pamejazwa pamba ya nyuzi za kioo. Juu ya dari pamba hiyo imelundikwa zaidi, kwa sababu joto hupanda. Dirisha moja lina vioo viwili na nafasi katikati yake. Na kabla ukuta haujafunikwa huja mkaguzi wa serikali kuangalia kama pamba imepangwa sawasawa. Asiporidhika, ukuta haufunikwi. Nikamwambia hata sisi tuna mkaguzi. Ni mama yako, na ameshatoa ripoti.

Wala wazungu si malaika kwa mambo ya ujenzi. Uingereza, mwenye nyumba mpya hupewa dhamana ya miaka 10, lakini bado wako watu wanaolipwa kutembea ndani ya nyumba isiyokaliwa bado wakiandika kasoro: mlango huu hausimami, bomba hili linalia. Orodha hurefuka kurasa na kurasa. Tofauti ni kwamba orodha ile ina mtu wa kumpelekea.

Kwenye karatasi hata Kenya iko vizuri. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitutunza hadi zile za 2024 zilipochukua nafasi yake. Kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inayosajili wakandarasi na kuwatambua mafundi stadi. Katika mikataba rasmi mwenye jengo hubakiza sehemu ya fedha kwa miezi kadhaa, kasoro zijitokeze zirekebishwe ndipo amalize. Mkataba wetu uliandikwa na Baba Watoto nyuma ya daftari la mtoto: nimepokea, kiasi fulani, sahihi. Ukurasa wa mbele ni majedwali ya kuzidisha. Fedha zote alishapewa, na hata ngazi yetu bado iko kwake.

Ukuta nao nisiusahau, maana yeye hanisahau. Kisii tunachoma matofali, ni kazi inayolisha watu wengi. Udongo wa bondeni, kuni za mikaratusi, tanuri linapangwa na kukandikwa na kuwashwa siku kadhaa. Ya katikati huiva. Ya pembeni hutoka mekundu usoni na mabichi moyoni, na bichi hunywa maji. Kuyatenganisha ni rahisi: gonga mawili pamoja, yaliyoiva hulia kwa ukali, mabichi husema "bu". Yetu hayakugongwa, yalihesabiwa. Halafu juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, hutandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia maji ya ardhini yasipande. Ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa katika mjengo mzima, ua moja la saruji la nguzo zile lingeinunua na chenji ikabaki. Fundi anaapa kwamba iliwekwa. Nilipombana akasema iliwekwa, ila ilikuwa fupi.

Kwa hiyo ukuta wa chumbani umelowa mpaka usawa wa goti, rangi inabanduka yenyewe, na nyuma ya kabati kuvu imechora ramani nyingine ambayo haikutoka kwenye simu. Niliisugua kwa jiki ikarudi. Nikahamisha kabati, kuvu ikafuata kabati.

Jirani yetu wa upande wa chini hakutaka kona. Amejenga ile ya kisasa ambayo paa halionekani, kuta zimepandishwa juu zikalificha, nyumba ikabaki boksi jeupe. Baba Watoto aliitamani sana, na nashukuru fedha zilikuwa zimeisha. Paa lile humwaga maji ndani ya mifereji iliyofungiwa kati ya kuta, na mfereji ukiziba, maji hayana pa kwenda ila sebuleni. Tena nyumba ile haina ukingo wa paa wa kuuvika ukuta kofia, mvua inaupiga uso kwa uso. Mwenyewe yuko Mombasa. Kijana anayeilinda hulala kwenye kibanda cha kuku, na anasema huko ni kukavu.

Nikiziangalia nyumba hizi zote mpya kutoka sokoni hadi njia ya kiwanda cha chai, naona zimejengewa Desemba. Desemba magari hutoka Nairobi, hema husimamishwa uwanjani, mbuzi huchomwa, na picha hupigwa paa likiwa nyuma. Watu wako nje siku nzima. Mwezi huo mvua inakuwa imepungua. Mwaka mpya ukishaingia wamerudi mjini, na nyumba imefaulu mtihani wake. Au zimejengewa matanga: mwanamume wa Kisii akifia mjini hurudishwa azikwe bomani, na wazee huuliza kwanza nyumba yake iko wapi. Basi mabati hukimbizwa juu, mbele hupakwa rangi, na aliyejengewa haulizi habari za dari. Aprili hakuna msimamizi. Mtahiniwa ni mke, au mama mzee, au kijana wa kulinda, na matokeo yao hayatangazwi.

Mwaka huu Baba Watoto amesema anataka kuongeza geti, la simba wawili. Nimemwambia simba hao waje na makoti.

Bonasi ya chai hulipwa Oktoba. Majani nayachuma mimi, akaunti ni yangu, na fedha zile zimeshagawanywa: dari vyumba vyote, vali mpya mbili, na karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto ikiwa kutabaki kitu. Fundi wa dari anayesoma hapa, mwenye ngazi yake mwenyewe na pima maji lenye maji, aje Nyamache kabla ya Oktoba tuelewane bei. Mkataba utakuwa na kurasa, na sehemu ya malipo atasubiri mpaka Aprili ipite. Wa nguzo asije.